Kabla ya kupakia shaba ya Dar es Salaam

Bwana Mhariri,

Mashofa wengi wa Lubumbashi huhesabu tani tu: 56 kwa kamyo nzima, basi. Kumbe kwenye mizani ya Zambia na Tanzania ekseli, yaani vyuma vinavyobeba magurudumu, nazo hupimwa. Shaba ni nzito na haijazi trela. Mafungu yakirundikwa mbele, ekseli za kichwa huzidi ingawa jumla iko sawa. Yatandazwe hadi juu ya magurudumu ya nyuma, na minyororo ikazwe tena baada ya kilomita 50 hivi, maana mzigo hujikalia.

Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, unahamia kushoto mwa barabara. Tunduma, ukiingia Tanzania, saa inasogea mbele moja. Na mlima Kitonga huteremkwa kwa gia ndogo tangu kule juu; breki zikishaanza kunuka, umechelewa kuitafuta gia hiyo.

Shofa, Lubumbashi