Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Malisho ya Kiangazi na Suala la Kisima

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na vijana mlioacha mifugo ili muwe hapa,

Kama kawaida, taarifa hii nimeiandika kwa Kiswahili, maana kati yetu kuna Wapokot, Wasabiny na Wakaramojong, na wengine wataisomea kwenye simu wakiwa mbali, wakichunga ng'ombe. Mambo ya fedha namwachia mhazini, daftari analo. Mimi nitakaa zaidi kwenye jambo ambalo najua ndilo lililojaza viti leo: kwa nini kamati ilikataa kisima.

Wafadhili walikuja na nia njema. Walikuwa na pesa za kuchimba kisima cha pampu ya sola, tanki na mabirika ya kunyweshea, katikati ya malisho yetu ya kiangazi chini ya Mlima Kadam, hapa Karamoja, Uganda. Kamati iliwashukuru, ikawaomba wakichimbe upande wa barabara ya mnadani, ambako watu wamekwisha kujenga. Tangu siku hiyo nimeitwa majina mengi, mengine ya kuchekesha.

Malisho yale yanafika Januari yakiwa na majani kwa sababu mbili tu. Ya kwanza ni amri ya wazee kwamba mvua ikianza Aprili, mifugo itoke. Ya pili ni kwamba hakuna maji ya kudumu. Vidimbwi vikikauka, hakuna anayeweza kupiga kambi pale akakaa. Ng'ombe analishwa kule, halafu anatembezwa hadi kwenye visima vya mchanga mtoni, na ikibidi ananyweshwa siku moja, ya pili anaruka. Ng'ombe wetu wa kienyeji anavumilia hilo. Maziwa yanapungua, ndiyo, lakini anafika kwenye mvua akiwa hai. Umbali ule unaotuchosha ndio unaotugawia majani kidogo kidogo.

Sasa weka pampu katikati. Maji ya kudumu hayakai peke yake. Yatafuatwa na boma, boma lifuatwe na duka, na mwaka wa pili utakuta watu wanalisha pale Juni, mvua ikinyesha. Ng'ombe wa kilo 250 anakula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku, na kiangazi anataka lita 25 hadi 40 za maji. Pampu itampa hizo lita. Zile kilo 6 haiwezi. Waliofika bwawa la Kobebe kule Moroto wanajua ninachosema: limeokoa ng'ombe wengi, wa wafugaji wenzetu Wamatheniko, Wajie na Waturkana, sibishi. Lakini mifugo ikikusanyika mahali pamoja, majani ya karibu huisha kabla ya maji.

Asiyeamini aende kwenye bwawa letu la zamani na kuling'oa shina la nyasi kando yake. Litatoka kwa vidole viwili, mizizi mifupi, vumbi limening'inia. Kisha aende chini ya Kadam afanye hivyo hivyo. Majani yatamkata kiganja kabla shina halijatikisika. Tofauti inaletwa na kupumzika. Nyasi ikiliwa, huchipua kwa akiba iliyo kwenye shina na mizizi. Ikiliwa tena kabla majani mapya hayajairudisha ile akiba, mizizi inazidi kuwa mifupi, na ikirudiwa mara nyingi inakufa. Nyasi za kudumu zinaondoka, zinakuja za msimu ambazo hukauka mapema, na mwishowe ni magugu kama ndulele na vichaka vya miiba. Kule bwawani ndulele imeshika mpaka mlango wa boma la zamani, na hata mbuzi wanaipita.

Kuhusu faini. Walioingiza mifugo kwenye malisho ya kiangazi wakati wa mvua walitozwa mbuzi, kama tulivyokubaliana hapa hapa. Mmoja wao ni shemeji yangu, na Krismasi hatukula pamoja. Faini iliendelea.

Mnada ulifungwa kwa karantini ya ugonjwa wa midomo na miguu, na wengi waliumia. Niseme tu kile ambacho daktari wa mifugo hakukisema: ng'ombe ambaye hakuuzwa anaendelea kula. Mwenye madume ya kuuza asingoje Februari, wakati mbavu zinahesabika na bei imelala. Auze Novemba, mnada ukiwa wazi.

Wenzetu kutoka ng'ambo ya mpaka wameendelea kuja. Makubaliano ya Kenya na Uganda yaliyotiwa saini Moroto Septemba 2019 yalihusu amani na maendeleo ya mpakani, lakini hayamruhusu mtu kuingia kwenye malisho bila kuonana na wazee. Waliotuma wajumbe kwanza walionyeshwa pa kulisha, na hakukuwa na neno. Mkaa sitausemea sana. Anayekata mti mkubwa wa kivuli ili apate gunia anajulikana, na jina lake liko kwa katibu.

Upande wa sheria tumepiga hatua. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inaturuhusu kujiandikisha kama chama cha ardhi ya jamii na kutenga sehemu ya malisho ya pamoja. Inataka kamati ya watu 3 hadi 9, na wanawake wasipungue theluthi moja. Kamati yetu ina mwanamke mmoja kati ya saba. Kwa hiyo uchaguzi wa leo lazima uingize wengine wawili, na wanaonung'unika huko nyuma wakumbuke kwamba ndama wanaobaki nyumbani ni akina mama wanaowakatia majani.

Wafadhili hawajajibu kuhusu eneo la barabarani. Wakati huo huo, wanachama kadhaa wameleta hoja ya kurudisha kisima chini ya Kadam. Ni haki yao, na kura itapigwa alasiri. Atakayetaka kuichangia, kwa kuunga mkono au kupinga, aandikishe jina kwa katibu kabla ya chai.