Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama Chetu cha Mazingaombwe ya Sarafu

Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, ndugu wanachama mliofika, na ninyi mtakaoisoma taarifa hii kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu hamkufika: Tumsifu Yesu Kristo, Asalaam aleikum, na habari za asubuhi kwa wote.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitazirudia kwa urefu. Tulipanga vikao 24 vya mazoezi, tukafanya 22. Tulionyesha mara mbili, kwenye mahafali ya shule moja ya msingi Temeke na kwenye sherehe ya kipaimara Kimara. Wanafunzi wapya wanne walianza na kubana kiganjani, yaani kuficha sarafu kwenye kiganja, na kupokeza kwa uongo, yaani kujifanya unaihamishia sarafu mkono wa pili, wawili wanaendelea. Kitambaa cha mezani kilichochanika kimebadilishwa. Mwanachama mmoja alifiwa na mama yake, tukachanga na kufika msibani. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kuuliza kama sisi ni waganga. Nilimpotezea jero, sarafu yetu ya shilingi 500, mbele ya macho yake, nikamrudishia, nikamweleza ni mazoezi ya vidole tu, na akaondoka ameridhika. Hilo nililimaliza mwenyewe, bila kuwasumbua.

Hesabu nazo kwa kifupi. Salio la mwaka jana lilikuwa 91,500, ada zimeleta 318,000, maonyesho 250,000. Jumla shilingi 659,500. Tumetumia 591,000: ukumbi 220,000, nauli na mizigo 60,000, chai na kitambaa 47,000, sarafu 264,000. Salio ni 68,500. Mweka Hazina ana vitabu, atakayetaka kuvipekua avipekue, ila asivipekue kwa kusimama mlangoni na kunong'ona.

Sasa nifike kwenye hizo 264,000, maana najua mmekaa mkizisubiri.

Ni kweli nilinunua sarafu 40 za nusu dola ya Marekani kwa fedha za chama. Ni kweli pia kwamba Ibara ya 9 ya katiba yetu inataka matumizi yanayozidi 100,000 yapitishwe na kamati. Naomba nieleze ilivyokuwa, kwa sababu yaliyoandikwa kwenye kundi mwezi wa saba na watu wasiojua hata rangi ya mlango wa ukumbi wetu yaliniumiza.

Shemeji wa mmoja wetu alikuwa anarudi kutoka Marekani Jumapili. Taarifa nilipata Jumanne. Nikaita kikao cha kamati siku ya Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Kamati ina watu watano na akidi ni watatu. Tulifika wawili, mimi na Katibu. Tulikaa mpaka saa moja kasoro, Katibu akipiga simu. Mmoja alisema yuko kwenye foleni, mwingine kwamba yuko njiani, na wa tatu simu yake ilipokelewa na mtoto. Ningefanya nini? Shemeji angetua mikono mitupu, nasi tungeendelea kuimba wimbo wetu wa kila mwaka kwamba hatuna vifaa. Niliamua, na ninasimama kwenye uamuzi wangu.

Nimeambiwa kwamba "tumenunua hela kwa hela, tena kwa hasara". Aliyepiga hesabu hiyo hakukosea kujumlisha. Nusu dola 40 ni dola 20, kama shilingi 50,000 hivi, na sisi zimetutoka 264,000, yaani 6,600 kwa kila sarafu. Lakini hatukuzinunua ili tukazitumie sokoni. Hata Wamarekani wenyewe hawazitumii. Ni nadra mtu kurudishiwa nusu dola kwenye chenji huko kwao, na kuanzia 2002 walikaa miaka mingi wakizipiga kwa ajili ya wakusanyaji tu. Unazipata kwa wauzaji wa sarafu, nao wanauza kwa bei yao. Mtu akinunua mpira wa miguu hatumuulizi ngozi ile ingetoa viatu vingapi.

Kwa nini nusu dola na siyo jero? Wapya wanastahili kuelezwa vizuri, na wakongwe wanastahili kukumbushwa, maana wengine wamesahau. Jero yetu, iliyoingia kwenye mzunguko mwaka 2014, ina upana wa milimita 27.5 na uzito wa gramu 9.5. Nusu dola ina milimita 30.6 na gramu 11.3. Mtasema milimita tatu ni kitu gani. Kwenye kiganja, milimita tatu ni umbali wa kutoka Posta hadi Kibaha. Kubana kiganjani ni kushika sarafu kati ya ile nyama ya chini ya dole gumba na nyama ya upande wa kidole kidogo, vidole vyote vikiwa huru, mkono ukionekana hauna habari. Sarafu ikiwa ndogo kuliko bonde la kiganja chako, inakulazimu ukunje dole gumba ili isidondoke, na dole gumba likikunjamana ndipo mtoto wa darasa la pili anaponyoosha kidole na kusema, "iko pale". Halafu jero ni chuma kilichopakwa nikeli. Nne zikigusana mkononi zinaongea, na sarafu inayoongea imeshatoa siri.

Sikuamua kwa hisia. Mwezi Juni nilifanya jaribio ambalo sasa mnaliita kwa dhihaka "jaribio la vifungo". Nilimpa kijana mmoja jero aibane kiganja cha kulia, kisha afunge vifungo vya shati kwa mkono huohuo, kuanzia chini. Kifungo cha tatu, jero ikaanguka sakafuni, ikabingirika mpaka chini ya kabati la vyombo vya kwaya. Baada ya wiki mbili nikampa nusu dola ya kwangu binafsi, shati lilelile. Alifika kwenye kola, akafunga na kile kifungo cha juu ambacho hakuna mtu anakifunga. Nimesikia hoja kwamba katikati ya hizo wiki mbili kijana alikuwa amefanya mazoezi. Ndiyo, alifanya, na ndiyo maana ya kuwa mwanachama.

Nakubali jambo moja, ili nisionekane mbishi. Wenye viganja vidogo, hasa akina dada wawili na yule mwanafunzi wa sekondari, wanasema nusu dola inachungulia pembeni mwa mkono. Nimewaangalia, na kweli inachungulia. Kwao jero ndiyo saizi. Lakini seti zote kumi, za sarafu nne nne, zilikuwa zimeshanunuliwa.

Kuhusu mahafali, nitasema yaliyotokea ili yasisemwe vingine. Nilianza mimi, na nusu dola. Nilipoitoa ya kwanza hewani na kuidondosha kwenye ndoo ya bati, mtoto wa mstari wa mbele akapaza sauti, "Hiyo siyo hela!" Watoto wakacheka, walimu wakacheka. Nilimaliza onyesho langu, na waliokuwepo watakubali kwamba nilimaliza vizuri. Baada yangu akapanda mwanachama wetu konda wa daladala za Mbagala, akatoa jero nne mfukoni mwake bila kuniomba ruhusa, akazihamisha moja moja kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Jero ya tatu ilipovuka, mtoto mmoja alichuchumaa akachungulia chini ya meza, na mwalimu wa nidhamu naye akainama kuchungulia. Makofi yake yalikuwa mengi kuliko yangu. Sikatai.

Ila msijenge hoja ya kijumla kwa mtu mmoja. Huyu anashika sarafu tangu alfajiri. Muangalieni akidai nauli: jero na mia mbili zimepangana kati ya vidole, anazichezesha kwa dole gumba mpaka zinalia, na anajua kwa kidole, bila kutazama, ipi ni ipi. Ananiambia kwenye foleni huitembeza jero juu ya viungo vya vidole, kutoka cha shahada mpaka cha mwisho, kisha anairudisha chini kwa dole gumba. T. Nelson Downs, Mmarekani aliyejiita Mfalme wa Sarafu, alikuwa karani wa telegrafu kwenye reli kule Iowa kabla ya jukwaa, na vidole vyake alivilea kwenye saa zile za kungoja, mpaka mwaka 1899 akasimama kwenye ukumbi wa Palace, London, akichota sarafu hewani na kuzijaza kwenye kofia. Nasi tunaye wa aina hiyo. Lakini Downs hakuwa na mwenyekiti wa kumlaumu kwamba vifaa havifai.

Waliosema jero ni bora kwa sababu unaweza kuiazima kwa mtazamaji, akaitambua kuwa ni yake, nawajibu kwa ushahidi. Kwenye kipaimara niliomba jero ukumbini. Walikuwepo watu zaidi ya mia. Zilipatikana tatu. Mama mmoja aliniuliza kama nina Lipa Namba. Tunafundisha kupoteza sarafu kwa watu ambao sarafu zilishawapotea.

Kwa haraka, ombi la kumpelekea fundi wa kereza jero ili aichimbe iwe ganda la kufunika nyingine nimelikataa, na nitaendelea kulikataa. Kuharibu fedha ya nchi ni kosa kisheria. Sitaki kuhojiwa mahali fulani nikieleza maana ya neno "ganda".

Kati ya nusu dola 40, leo zipo 33. Saba hazijulikani zilipo. Utani kwamba "hiki ndicho chama cha kupoteza sarafu, mwenyekiti usishangae" nimeusikia mara ya kutosha, na haukunichekesha hata mara ya kwanza. Kila seti ilitolewa kwa sahihi. Bahati mbaya daftari la sahihi lilikuwa kwa mjumbe ambaye amehamia Dodoma.

Nije kwenye ada. Sisi ni 31 kwenye orodha. Ada ni 2,000 kwa mwezi, bei ya soda mbili na chenji kidogo, na kwa mwaka tulitakiwa kukusanya 744,000. Tumekusanya 318,000. Waliolipa mwaka mzima ni tisa. Kumi na mmoja wamelipa vipande vipande, jumla yao 102,000. Kumi na mmoja waliobaki hawajalipa hata shilingi, na kati yao wamo wanne walioandika maneno marefu kuliko yote kuhusu matumizi ya fedha za chama. Majina sitayataja. Mweka Hazina anayo.

Mahudhurio yananitia simanzi zaidi kuliko ada. Kwa vikao vyote 22, ukijumlisha vichwa, tulihudhuria mara 168, yaani kama watu saba au wanane kwa kikao. Kikao kilichojaa kuliko vyote kilikuwa na watu 17, nacho kiliangukia siku ambayo Katibu alitangaza kutakuwa na sambusa. Kikao cha chini kabisa, wakati wa masika, Jangwani kukiwa kumejaa maji, kilikuwa na watu watatu: mimi, Katibu na mlinzi wa ukumbi. Mlinzi siyo mwanachama. Jioni ile nilimfundisha kupokeza kwa uongo. Nilimwambia asiutazame mkono ulioficha sarafu, macho yake yaufuate ule mkono mtupu kana kwamba kweli umebeba kitu, na aufunge taratibu, kwa uzito uleule. Siku hiyohiyo alishika. Wapo wanachama wa miaka mitatu ambao mpaka leo wakificha kulia, macho yanakimbilia kulia kama kuku aliyesikia mahindi.

Hamuwezi kujifunza haya kwa video peke yake. Video inakuonyesha mkono wa mwenzako, haikuambii kwamba wewe unapumua kwa nguvu kila unapodanganya. Hilo huambiwa na mtu aliyekaa mbele yako. Na mtu huyo, kwa vikao 22, nimekuwa mimi, kwa nauli yangu, nikitoka Gongo la Mboto, na mgongo wangu mnaujua.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia na hali ikiruhusu, kuongeza maonyesho, kutafuta ukumbi wenye feni, kuanzisha darasa la watoto, na kufanya mazungumzo na wenzetu wa mikoani. Kuhusu sarafu, kamati itakaa iangalie uwezekano wa kuwa na seti za jero kwa wenye viganja vidogo. Akidi ikitimia. Uchaguzi utafanyika mwezi wa tatu. Sina uroho wa uenyekiti, na anayeutaka achukue fomu, lakini awe amelipa ada, na awe anaweza kubana sarafu nne bila kuziongelesha.

Namshukuru Katibu, namshukuru Mweka Hazina, na namshukuru mlinzi.

Chai iko tayari, na sambusa zipo. Mwenye nusu dola ya chama mfukoni, hata kama ilimsahaulika tu, aitumbukize kwenye kopo la maziwa ya unga lililo kando ya chupa za chai. Wakati wa chai mimi nitakuwa nimesimama dirishani nikitazama nje.

Mwenyekiti