Kumlinda kiongozi wa dini ni kuwalinda pia waliokuja kumwona

Mheshimiwa Mhariri,

Makala mliyoichapa kuhusu maisha ya kazi ya Domenico Giani, aliyekuwa mkuu wa askari polisi wa Vatikani, imesomwa kwa makini hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na imejadiliwa hasa miongoni mwetu sisi tunaotumikia katika protokole za parokia, yaani vijana na watu wazima wanaosimama milangoni na kupanga umati kila Baba Askofu anapotutembelea. Ninaandika kwa sababu makala hiyo ilimsifu kamanda huyo kwa mambo ambayo kila mtu huyaona kwenye televisheni, yaani suti nyeusi, macho yasiyotulia na hatua zinazokwenda sambamba na gari la Papa, kisha ikapita haraka sana juu ya namna alivyoondoka kazini. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake inayotuhusu zaidi sisi wasomaji wa Kivu.

Ni haki kwanza kumtaja aliyemtangulia, kwa kuwa bila yeye kazi ya Giani haieleweki. Camillo Cibin alizaliwa mwaka 1926 katika mkoa wa Treviso, kaskazini mwa Italia, akaingia katika utumishi wa Vatikani mwaka 1948, wakati wa Papa Pio wa Kumi na Mbili, na hakustaafu hadi mwaka 2006, wakati wa Benedikto wa Kumi na Sita, akiwa amewatumikia mapapa sita. Mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita alivunja vikosi vyake vya silaha isipokuwa Walinzi wa Uswisi, ambao wapo tangu mwaka 1506, na kazi ya polisi ikabaki kwa ofisi ya ulinzi ambayo Cibin aliiongoza kwa zaidi ya miaka thelathini. Tarehe 13 Mei 1981, Mehmet Ali Ağca alipomfyatulia risasi Papa Yohane Paulo wa Pili katika uwanja wa Mtakatifu Petro, Cibin alikuwa na umri wa miaka 54, na katika umri huo aliruka kizuizi na kumkimbilia mshambuliaji. Mwaka mmoja baadaye, huko Fatima nchini Ureno, padri mmoja wa Kihispania alimkaribia Papa akiwa na silaha yenye ncha kali, na walinzi wakamzuia. Mtu wa namna hiyo anastahili kukumbukwa na magazeti yetu.

Lakini Cibin ndiye pia aliyekuwa mkuu wa ulinzi wa Papa wakati Yohane Paulo wa Pili alipokuja kwetu, nchi ikiitwa Zaire, mwezi Mei 1980. Tarehe 4 ya mwezi huo, mjini Kinshasa, watu tisa walikufa kwa kukanyagwa katika msongamano wa waumini waliokuwa wanakwenda kusali Misa pamoja naye. Papa hakuguswa na mtu yeyote. Kwa hesabu ya wale wanaopima kazi ya mlinzi kwa usalama wa mtu mmoja, siku ile ulinzi ulifaulu kabisa. Mimi siwezi kuihesabu hivyo, na simlaumu Cibin, kwa sababu kupanga umati katika ardhi ya nchi yetu ilikuwa dhamana ya mamlaka za nchi yetu. Ninauliza tu: ni nani kati yetu, hata miongoni mwa wazee wanaoikumbuka ziara ile kwa furaha, anayeweza kutaja jina la ofisa aliyekuwa na dhamana ya umati ule, au kueleza kama aliwahi kusimama mbele ya familia za waliokufa na kutoa maelezo?

Wasomaji wasiofanya kazi ya protokole wanaweza kudhani kwamba jambo hili ni la mapapa peke yao. Si hivyo. Parokia yoyote ya Kadutu au Bagira, hapa mjini Bukavu, inayosubiri Askofu kwa ajili ya Kipaimara hupokea watu wengi kuliko kanisa lilivyojengwa kubeba, na kazi yetu huanza kabla hajafika. Tunaangalia ni milango mingapi inafunguka kwa kusukumwa nje na mingapi inafunguka kwa kuvutwa ndani, kwa kuwa mlango wa kuvutwa ndani hauwezi kufunguka watu wakiusonga. Tunahakikisha kwamba ufunguo wa mlango wa nyuma uko mkononi mwa mtu anayejulikana na anayekaa hapo hapo, si mfukoni mwa mtu aliyekwenda kuimba katika korali. Tunawaomba wenye pikipiki wasizibe njia ya kutokea, tunawatafutia kivuli wazee na akina mama wenye watoto mgongoni, tunaweka maji karibu, na tunatenga njia moja ya kumpitisha mtu aliyezimia. Yote haya hayaonekani na hakuna anayeyapigia makofi. Kule Vatikani pia, sehemu kubwa ya kazi ya kamanda ni hiyo: kufika kabla ya ziara, kutembea njia yote kwa miguu, kuzungumza na polisi wa nchi husika, na kujua hospitali iliyo karibu ni ipi.

Giani mwenyewe, aliyezaliwa Arezzo mwaka 1962, alitoka katika Guardia di Finanza, yaani polisi wa fedha wa Italia, akapitia idara ya usalama ya nchi yake, akaingia Vatikani mwaka 1999 kama msaidizi wa Cibin, na mwaka 2006 akachukua nafasi yake. Hakupata muda wa kutulia. Usiku wa mkesha wa Noeli wa mwaka 2009, mwanamke mmoja aliruka kizuizi ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro na kumwangusha Benedikto wa Kumi na Sita. Papa aliinuka na kuendelea na Misa, lakini Kardinali Roger Etchegaray, mzee wa miaka 87, alivunjika nyonga. Mwanamke huyo huyo alikuwa amejaribu jambo hilo hilo mwaka uliotangulia na akazuiwa. Msemaji wa Vatikani alieleza baadaye kwamba haiwezekani kuondoa kila hatari bila kujenga ukuta kati ya Papa na waumini wake. Maneno hayo yalikosolewa na wengine, lakini mtu aliyewahi kusimama mlangoni siku ya Kipaimara anajua kwamba ni ya kweli. Kiongozi wa dini asiyeweza kukaribiwa na mama mwenye mtoto mgonjwa amelindwa, ndiyo, lakini utume wake umeachwa nje ya mlango.

Ugumu huo ulionekana Afrika zaidi kuliko Roma. Mwezi Novemba 2015, Papa Fransisko alikwenda Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakati mapigano kati ya makundi ya silaha yalikuwa hayajaisha na wengi walimshauri asiende. Alifungua Mlango Mtakatifu wa kanisa kuu la mji huo, na kesho yake akaingia katika PK5, mtaa wa Waislamu, na kuutembelea msikiti wa Koudoukou. Giani alikuwa kamanda wakati huo. Huenda hakuna safari iliyomtia mlinzi wa Papa katika majaribu makubwa kuliko ile, kwa sababu alitakiwa kumlinda mtu ambaye alikuwa amekwenda pale kwa makusudi ya kuwaonyesha watu kwamba haogopi kuwa kati yao.

Sisi wa mashariki mwa Kongo tuliingojea siku kama hiyo. Katika programu ya kwanza ya mwaka 2022, Papa Fransisko alitarajiwa kufika Goma na kusali Misa Kibumba, karibu na Goma, katika eneo lile lile ambako, tarehe 22 Februari 2021, waliuawa balozi wa Italia Luca Attanasio, dereva Mustapha Milambo na askari Vittorio Iacovacci, aliyekuwa mlinzi wa balozi huyo na aliyekufa kazini. Kwanza ziara iliahirishwa kwa sababu ya maumivu ya goti la Papa. Kisha, alipokuja Kinshasa kuanzia tarehe 31 Januari hadi tarehe 3 Februari 2023, Goma haikuwamo tena kwa sababu vita vilikuwa vimeisogelea. Wengi walinung'unika kwamba walinzi wake walikuwa wameogopa. Lakini Papa mwenyewe alieleza katika mahojiano kwamba hakuogopa kwa ajili ya nafsi yake: alihofia kwamba mtu angetupa bomu kati ya umati na kuua watu wengi, na akasema kwamba watu lazima watunzwe. Naomba wasomaji wayaweke maneno hayo kando ya msiba wa Kinshasa wa mwaka 1980. Yalitusikitisha, kwa kuwa tulitamani kumwona, na waathirika wa mikoa yetu walilazimika kusafiri hadi Kinshasa kumsimulia mateso yao. Hata hivyo ndiyo namna sahihi ya kupima ulinzi: kwamba mzani unabeba pia uhai wa wale wasio na jina.

Sasa nifike kwenye kuondoka kwake Giani. Tarehe 1 Oktoba 2019, askari wake walipekua ofisi za Vatikani katika uchunguzi wa mambo ya fedha. Baada ya hapo lilitolewa tangazo la ndani lenye sahihi yake, likiwa na majina na picha za wafanyakazi watano waliosimamishwa kazi, na tangazo hilo likavuja hadi kwenye vyombo vya habari. Watu wale walikuwa hawajahukumiwa na mahakama yoyote, na Papa Fransisko aliliona tendo la kuvujisha kuwa zito, akalilinganisha na dhambi ya mauti, kwa kuwa liliharibu heshima yao. Tarehe 14 Oktoba Giani alijiuzulu. Taarifa ya Vatikani ilisema wazi kwamba yeye binafsi hakuwa na hatia katika kuvuja huko. Alikwenda kwa sababu jambo lilitoka chini ya amri yake. Miaka ishirini ya kazi ilimalizikia kwenye karatasi moja ambayo hakuivujisha, na kesho yake akateuliwa msaidizi wake, Gianluca Gauzzi Broccoletti, kuchukua nafasi.

Wapo waliosema kwamba nyuma ya kujiuzulu huko kulikuwa na mivutano ya ndani, na inawezekana. Kanuni iliyotumika haipunguki kwa sababu hiyo. Kamanda aliwajibika kwa kitu kilichowadhuru watu watano, wala si kwa kitu kilichomdhuru Papa. Heshima ya wanyonge wale, waliokuwa tayari wametuhumiwa, ilihesabiwa kuwa sehemu ya kile alichopewa kulinda.

Mhariri, nimeandika kwa urefu kwa sababu ninaishi katika mji uliompoteza Askofu Mkuu wake mikononi mwa watu wenye silaha. Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, alizaliwa mwaka 1926, mwaka ule ule aliozaliwa Cibin. Katika siku ambazo wakimbizi walikuwa wanasukumwa huku na huku na wakubwa wengi walikuwa wameondoka mjini, yeye alibaki akiwatetea wakimbizi na wananchi kwa sauti na kwa maandishi. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa kwa risasi hapa Bukavu, pale Nyawera. Kila siku watu wanapita mahali pale wakienda sokoni na kazini. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, alizuiwa mwezi Februari 2000 kurudi katika jimbo lake na wale wale waliokuwa wanajiita wenye dhamana ya usalama wa mji, akakaa uhamishoni Butembo kwa miezi, akarudi Septemba, na akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo. Katika mambo haya mawili, mji wetu, uliobadilisha walinzi mara nyingi, haujamwona kamanda hata mmoja aliyesimama na kusema: jambo hili lilitendeka chini ya amri yangu, nami ninaliachia kiti changu.

Kwa hiyo ninaliomba gazeti lenu mambo mawili, na ninayaomba kwa moyo wote. La kwanza, kila inapotangazwa ibada kubwa, iwe ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, ya Wakimbanguisti au ya Waislamu, mwandishi wenu aulize mapema na achapishe ni ofisa gani mwenye dhamana ya usalama wa umati na ni kiongozi gani wa ibada anayeshirikiana naye, kisha arudi kwao baada ya ibada, mambo yakiwa mema au mabaya, na awaulize yaliyotokea. La pili, waombeni wakuu wa polisi na wakuu wa madhehebu waruhusu watu wa protokole wafundishwe kupanga umati na kutoa huduma ya kwanza, maana sasa hivi tunafundishana wenyewe kwa wenyewe, na mtu wa kwanza kumfikia mwenye kuzimia ni sisi. Protokole ya parokia yetu iko tayari kuandika orodha ya milango na njia za kutokea za kanisa letu na kuileta ofisini kwenu kabla ya Kipaimara kijacho.

Ni mimi msomaji wenu,
Kiongozi wa protokole,
Kadutu, Bukavu