Mwenye Nyumba Hapokei Hisa: Barua kwa Vijana wa Arua Wanaohamia Kampala

Wanangu, wajukuu zangu,

Mwezi huu mmefika watatu barazani kwangu, kila mmoja na barua yake ya ajira kwenye simu. Mitaa ya Kampala: Ntinda, Bukoto, Bugolobi. Kampuni changa za mikopo ya simu, za kuuza mbegu kwa programu, na moja ambayo hata baada ya kuelezwa mara mbili sikuelewa inauza nini. Nimefurahi, sisemi uongo. Ila kila mmoja alinionyesha tarakimu ya mshahara, na hakuna aliyenionyesha ukurasa wa kipindi cha majaribio. Ndiyo maana nawaandikia wote pamoja.

Mnajua niliishi Kampala miaka 20. Kumi na mmoja nilikuwa mpangaji. Tisa nilikuwa mwenye nyumba, mizigo minne, ndivyo Kampala wanavyoita vyumba vya kupanga vya mojamoja, kule Kireka, choo kimoja, bomba moja. Hila za pande zote mbili nazijua, na nyingine nilizitumia mwenyewe, Mungu anisamehe.

Ukiandikiwa shilingi milioni moja kwa mwezi, usiipangie yote. Kwa viwango ninavyovijua vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, serikali inachukua 202,000. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 5, hiyo 50,000. Mkononi zinabaki 748,000. Mwajiri naye anatakiwa akuwekee asilimia 10 NSSF, na tangu 2022 sheria inazibana hata kampuni ndogo kabisa. Akikwambia "sisi bado wadogo", mwambie sheria haikuuliza ukubwa. Wengine watakuongezea hisa. Zipokee, zifungie sandukuni. Lakini kwa miaka yangu tisa sikumpata mpangaji aliyeniletea hisa tarehe mosi nikamwandikia risiti.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Sheria ya ajira ya 2006 inaruhusu majaribio ya hadi miezi sita, na ndani ya muda huo mwajiri anaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 14. Kampuni changa nyingi zinakula fedha za wawekezaji. Mwekezaji akichelewa, wa kwanza kuambiwa kwaheri ni aliyeingia jana. Wewe huku dalali amekupeleka Najjera, nyumba ya vigae, dirisha linatazama barabara, na mwenye nyumba anataka miezi mitatu mkononi, wengine hata sita, dalali naye anasubiri chake mlangoni. Piga hesabu hiyo polepole. Kazi unaweza kuipoteza kwa siku 14, nyumba umeilipia siku 180.

Basi mpaka barua ya kuthibitishwa kazini itoke, kaa pale unapolipa mwezi kwa mwezi: mzigo wa kawaida, au chumba mnachogawana wawili. Watakwambia hakuna mwenye nyumba anayekubali hivyo. Mimi nilikubali, tena mara nyingi, chumba kikishakaa kitupu miezi miwili. Sikumwambia tu mtu aliyekuja mara ya kwanza.

Hili nililijua kwa machozi. Nilipofika mjini nililipa miezi sita Bwaise, mwezi wa Januari, ardhi kavu kabisa. Aprili maji yakapanda hadi godoro. Mwenye nyumba alisema mvua si yake, na fedha zangu sikuziona tena. Nyumba ya bondeni kaitazame mvua ikinyesha. Kama ni kiangazi, tazama kuta za nje karibu na ardhi: ule mstari wa matope hata rangi mpya haiufichi vizuri.

Umbali nao una bei yake. Chumba cha Mukono au Nansana ni nafuu, lakini tuseme taksi mbili, zile matatu za abiria, na boda, kwenda na kurudi, ni 9,000. Kwa siku 22 za kazi ni 198,000, na konda mvua ikianza anapandisha nauli bila kukuomba ruhusa. Ofisi ikiwa Ntinda, zunguka Kiwatule kwanza. Ikiwa Bukoto, ulizia Kyebando. Lipa chumba ghali kidogo, utembee kwa miguu.

Uliza Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya chumba chako au ya safu nzima. Mkiwa wanne kwenye mita moja, na wewe una kompyuta usiku kucha huku jirani ana friji, mtagombana kabla mwezi haujaisha.

Sheria ya wapangaji ya 2022 inasema kodi ya nyumba isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na kukutoa kunahitaji amri ya mahakama. Inataka pia mkataba wa maandishi kodi ikifika 500,000. Mizigo mingi iko chini ya hapo, kwa hiyo dai karatasi hata kama sheria haikudai. Risiti yenye sahihi, kila mwezi. Beba barua ya LC, baraza la serikali ya mtaa, ya kwenu, ujitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa unaohamia, wiki ya kwanza, kabla hujawa na kesi. Sisi wenye nyumba tulimwogopa mpangaji anayejulikana na mwenyekiti.

Mshahara wa kwanza unakuja mwisho wa mwezi, wakati mwingine umepita. Ondokeni na chakula cha wiki sita na nauli ya kurudi Arua, hiyo ya pili isiguswe hata kwa harusi ya rafiki. Mwaka 2024 daraja la Karuma, tunalovuka kwenda Kampala, lilipofungwa kwa matengenezo, mabasi yalizunguka mbali na nauli ikapanda; aliyekuwa na nauli ya kawaida tu hakutoka.

Wanaopanda basi Ijumaa, piteni kwangu kabla ya jioni. Nina sigiri mbili, jerikani tatu na godoro moja lisilohitajika tena hapa. Godoro ni la atakayefika kwanza na kunisomea ule ukurasa wa majaribio kwa sauti.

Bibi yenu