Aiskrimu ya chokoleti bila mashine

Palermo, Italia

Kwako dada Rehema,

Shikamoo dada. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo hapo Tandika. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie nitampigia Ijumaa. Mimi ni mzima, na kazi ya jikoni hapa kwenye duka la aiskrimu inakwenda vizuri.

Umeuliza kama aiskrimu ya chokoleti inawezekana bila mashine. Inawezekana, tena nzuri. Mashine inafanya kazi mbili kubwa: kugandisha haraka, na kukoroga wakati wa kugandisha ili chembe za barafu zisipate nafasi ya kukua. Chembe ndogo sana ulimi hauzisikii. Zikikua, watoto watatafuna barafu yenye rangi ya kokoa. Sasa hizo kazi mbili utazifanya wewe na friza lako.

Usihangaike na krimu ya kupiga. Ni ghali, na kwa joto la Dar inagoma kupanda kama haijapoa sawasawa, yenyewe pamoja na bakuli lake. Huku Sicilia kuna aiskrimu ya asili isiyo na krimu wala mayai, maziwa yanakazwa kwa konflawa. Hiyo ndiyo nakuandikia.

Chukua maziwa fresh mililita 700, sukari gramu 150 (robo tatu ya kikombe cha mililita 250), kokoa gramu 50 (kama nusu kikombe), konflawa gramu 20 (vijiko viwili na nusu vya chakula, bapa), maziwa ya unga vijiko vitano vya chakula, chokoleti nyeusi gramu 100 na chumvi robo kijiko cha chai.

Kokoa iwe kokoa tupu. Ule unga wa kunywa wa watoto umejaa sukari, utaharibu vipimo vyote. Kyela wanalima kokoa nzuri, ukipata unga wake uchukue. Kwenye chokoleti soma karatasi: iliyotengenezwa kwa mafuta mengine ya mimea badala ya mafuta ya kokoa inaganda mdomoni kama nta. Ikiwa na weupe juu usiitupe, haijaoza. Ni mafuta ya kokoa yaliyoyeyuka kwa joto la dukani yakaganda tena kwa juu.

Chekecha kokoa, konflawa na maziwa ya unga kwenye bakuli, mimina maziwa baridi kama mililita 150 kidogo kidogo, ukoroge mpaka uwe uji laini usio na madonge. Maziwa yaliyobaki yachemshe na sukari na chumvi. Yakianza kufuka, chota upawa mmoja umimine kwenye uji huku unakoroga, kisha rudisha vyote sufuriani. Moto uwe wa wastani na mwiko ufike chini kabisa, kokoa inashika sufuria upesi. Ikianza kutokota, ipe dakika mbili nzima. Ukiitoa mapema konflawa inabaki mbichi na utaisikia ladha ya unga. Epua, tia chokoleti uliyoikatakata, koroga iyeyuke.

Onja ikiwa ya moto. Lazima uione tamu kupita kiasi, maana baridi inapunguza utamu. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanapunguza sukari kwa kuwaonea huruma watoto, kesho yake aiskrimu ni jiwe. Sukari ndiyo inayozuia maji yote yasigande. Na ukizidisha, haigandi kabisa.

Kaa na hatua ya kupoza, usiiharakishe. Weka sufuria ndani ya beseni la maji na barafu, koroga mpaka joto liishe, funika kwa nailoni inayogusa uji wenyewe ili usifanye utando, halafu friji usiku kucha. Uji ukiingia kwenye friza ukiwa vuguvugu unaganda polepole, na kuganda polepole ndiko kunakozaa zile chembe kubwa.

Siku ya pili, kama blenda ipo, mimina uji kwenye vitrei vya barafu ugande kabisa. Vitoe, viache dakika tano, visage kidogo kidogo kwa kuwasha na kuzima, ukikwama ongeza kijiko cha maziwa baridi. Utaona vipande vinakuwa kama mchanga wa kahawia, halafu ghafla vinashikana na kuwa laini. Acha hapo hapo, ukiendelea blenda inaleta joto. Pakia haraka kwenye chombo kipana kilichokuwa ndani ya friza, rudisha kwenye friza kwa muda wa saa mbili au tatu.

Bila blenda, tumia trei ya aluminiamu, uji usizidi kina cha sentimita mbili, na uikalishe juu ya chuma chenye baridi, siyo juu ya mifuko ya samaki. Baada ya dakika 45 kingo zitakuwa zimeganda. Zikwangue kwa uma uzilete katikati, upige kwa nguvu. Rudia kila nusu saa, mara nne au tano.

Friza hilo hilo ndilo unalouzia barafu, najua. Kila linapofunguliwa, aiskrimu inalegea kidogo na kuganda tena, na kila mara chembe zinakua. Igandishe usiku baada ya kufunga biashara, chini kabisa, imefunikwa vizuri. Mafuta ya maziwa na kokoa yanavuta harufu, na samaki wako wa soko la Feri hawajifichi.

Umeme ukikatika kabla hujagandisha, ipo njia ya ndoo. Ponda barafu kilo sita, changanya na chumvi ya mawe kilo mbili, panga kwa tabaka ndani ya ndoo ya lita 20, kuzunguka sufuria ya aluminiamu yenye uji na mfuniko unaobana. Chumvi inailazimisha barafu iyeyuke, na ikiyeyuka inanyonya joto la uji. Baridi inashuka chini ya nyuzi 10 hasi. Zungusha sufuria kulia na kushoto, na kila dakika tano ukwangue pembeni kwa mwiko. Kabla ya kufunua, futa mfuniko. Tone moja la maji yale ya chumvi likiingia, ladha imekwisha. Dakika 30 hadi 40 inakuwa laini ya kuliwa papo hapo.

Na umeme ukikatika aiskrimu ikiwa tayari? Ikiwa bado ina barafu ndani, ipige tena uirudishe. Ikiyeyuka yote ikapata joto, usigandishe tena, imwage. Hayo ni maziwa, na tumbo la mtoto halina subira.

Ikitoka ya kunata kama ubwabwa, konflawa imezidi. Ikiwa na chenga zisizoyeyuka mdomoni, punguza maziwa ya unga.

Vipimo hivi vinatosha watu wanane. Kwa Idi ukitaka mara mbili, tumia trei mbili, usirundike kwenye moja. Niandikie ilivyotoka, na unitumie picha uliyopiga kwa karibu, nione chembe zake.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mdogo wako,
Salum