Nyoka hazuiwi na oili chafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu wa hapa Tanga aliyeshauri kila kaya izungushie nyumba oili chafu kabla ya masika ili nyoka wasisogee. Kwa heshima zote, ushauri ule haufai, na nina sababu ya kusema hivyo. Kazi yangu ni kuezeka na kukarabati mapaa. Makorora, Sahare, Kange mpaka Pongwe nimepanda juu ya nyumba za watu wa kila hali, na humo darini ndimo wanamokaa hao viumbe tunaowajadili.

Nyumba zilizomwagiwa oili nazijua. Mstari mweusi umezunguka msingi, lipu imechafuka, kuku wanaparua na kudonoa palepale, na mvua kubwa ya kwanza inaichukua oili yote kuipeleka mtaroni, au kwenye kisima cha jirani. Nyoka wa kupita anapita. Ikishalaliwa na vumbi kwa siku chache, oili ile ni udongo kama udongo mwingine. Wapo wanaomwaga mafuta ya taa, wapo wanaochoma matairi au pembe, wapo wanaotundika vitunguu saumu dirishani. Mimi sijaona hata kimoja kati ya hivyo kikimzuia nyoka mwenye njaa aliyekwisha kunusa panya.

Na panya ndiye anayemleta. Nyoka hunusa kwa ulimi: anautoa, anaurudisha, na zile ncha mbili zinapeleka harufu kwenye kiungo kilichoko juu ya kaakaa. Panya anayepita juu ya ukuta uleule kila usiku anaacha alama ya mkojo, na nyoka anaifuata alama hiyo hadi kwenye magunia ya mahindi. Banda la kuku lililojaa pumba zilizomwagika, rundo la makumbi ya nazi nyuma ya jiko, mabati chakavu yaliyoegemezwa ukutani tangu mwaka juzi, hayo yote ni makazi ya panya, na mwenye nyumba anashangaa kifutu ametoka wapi.

Sasa nije kwenye ufundi, maana hapo ndipo penye maneno yangu. Nyoka hana meno ya kutafunia mbao wala kucha za kuchimbia. Ukimkuta ndani, ujue kapita kwenye tundu lililokuwepo. Badala ya kuuliza nani kamtuma (swali ambalo mitaani kwetu huulizwa mapema mno, na limewagombanisha majirani wengi), chukua tochi ulitafute tundu.

Anza na mlango. Nyumba nyingi za kupanga hazina kizingiti. Mlango unaning'inia na chini pamebaki uwazi wa vidole viwili, kwa hoja kwamba maji ya kudekia yatoke kwa urahisi. Nyoka mchanga hahitaji zaidi ya uwazi wa kidole kidogo. Kisha tazama juu, pale bati linapokalia ukuta. Bati la migongo likilazwa juu ya papi, zile mbao za kupigilia bati, kila mgongo unaacha tundu, na kama fundi hakuziba kwa saruji au hakufikisha fasha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, una matundu kadhaa yanayotazama mwembe. Tazama na matundu ya hewa juu ya madirisha: wavu uliwekwa, halafu akaja mtu wa dishi akautoboa apitishe waya, akaenda zake. Bomba la maji ya bafuni linalomwaga nje bila kifuniko nalo ni njia, kwa nyoka na kwa panya pia.

Wavu wa plastiki wa kuzuia mbu usikudanganye, panya anautafuna usiku mmoja. Weka wa chuma, wenye matundu madogo. Mashimo ya chini ya msingi yazibwe kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa, kama wazee walivyofanya, maana saruji laini peke yake panya huirudia.

Halafu matawi. Ukanda wetu huu wa pwani una koboko wa kijani, ambaye maisha yake ni juu ya miti: miembe, mikorosho, minazi. Anakula ndege, makinda na popo. Sumu yake ni kali, lakini ni nyoka mwoga, anayeshinda majani mwaka mzima bila wewe kumjua. Tawi la mwembe likigusa bati lako, siku moja atafuata popo aingie darini. Kata tawi, mwembe uache. Wala si kila cha kijani ni koboko; yuko ukukwi, mwembamba, anayekula vyura na mijusi, na huyo hupigwa fimbo kwa makosa ya mwenzake.

Darini mimi hukuta magamba ya nyoka mara nyingi kuliko nyoka wenyewe. Gamba limelala juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, jepesi kama karatasi ya sigara, limekwaruzwa kwenye kichwa cha msumari ambapo alijivulia, na pembeni pana mavi ya popo na manyoya ya kipanga au njiwa. Mara nyingi mwenyewe alikuwa nyoka wa kahawia asiye na sumu, yule anayewinda panya usiku. Mama mwenye nyumba akiliona gamba anataka dari zima livunjwe. Ninamwomba anipe saa moja nizibe matundu kwanza, tena mchana, nikishahakikisha mwenye gamba hayumo.

Mjusi kafiri ni habari nyingine. Kila mwezi kuna mtu ananiomba nizibe nyumba yake mjusi asiingie. Haiwezekani, na wala sioni faida yake. Vidole vyake vina vinyweleo vidogo mno vinavyomshikilia hata kwenye kioo, na mwili wake unapenya popote. Usiku anakaa kando ya taa akila mbu, nondo, mende wadogo na kumbikumbi. Hana sumu. Hapa Afrika Mashariki hatuna mjusi hata mmoja ambaye sumu yake inaua mtu. Mavi yake lakini yana vijidudu vya kuharisha, kwa hiyo sufuria na mtungi vifunikwe, hilo tu. Kero yake ya kweli naijua mimi na mafundi umeme: anataga mayai mawili mawili, meupe, yenye ganda gumu, ndani ya boksi la swichi, na mara nyingine anajiunguza humo na kuzima taa. Habari kwamba mjusi aliupuliza moto wa Nabii Ibrahimu tuliisikia sote madrasa, sitaki kubishana na masheikh zangu.

Kenge nampitia haraka. Anakula mayai na vifaranga, basi banda lifungwe vizuri. Ukimbana kwenye kona atakupiga kwa mkia na kukung'ata, kwa hiyo usimbane.

Msomaji aliuliza: na nyoka akishaingia, tumwache? Hapana. Toa watoto, acha mlango wa nje wazi, funga wa ndani, simama mbali umtazame ametokea wapi na anaelekea wapi. Anayeumwa mara nyingi ni yule kijana shujaa anayemfuata kwa fimbo kwenye rundo la matofali huku mtaa mzima ukimshangilia.

Rundo la matofali nalijua. Kazi moja kule Sahare saidia fundi wangu aliinua tofali la chini bila kuangalia, akakutana na swila aliyeinua kichwa. Hakung'atwa. Alitemewa sumu machoni, kutoka umbali ambao sisi tuliokuwa juu ya ngazi tusingeamini. Alipiga ukelele akafumba macho, na hapo hapo washauri wakajitokeza: huyu anasema maziwa, yule anasema mkojo wa mtoto. Tulimlaza kichwa pembeni, tukamfumbua kope kwa vidole, tukamwagia maji safi ya ndoo taratibu, ndoo baada ya ndoo, kisha bodaboda hadi hospitali. Macho yalivimba, yakapona. Swila alijipenyeza zake chini ya ukuta wa jirani. Tangu hapo kwenye kazi zangu tofali hupinduliwa kwa ncha ya koleo, na upande wa wazi wa rundo unakaa mbali na mtu.

Aliyeng'atwa ana haki ya kufika hospitali haraka kuliko anavyofika kwa mganga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliurudisha ugonjwa huu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Sumu ya koboko inalegeza misuli mpaka pumzi inakatika. Ya kifutu inavimbisha na kuozesha nyama. Jiwe jeusi wanalobandika kwenye jeraha haliivuti hata moja. Kuchanja kwa wembe kunaongeza kidonda, na kamba iliyokazwa inaweza kumpotezea mtu mguu ambao nyoka mwenyewe asingeuua. Vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza, funga banzi kama aliyevunjika, mgonjwa asitembee, abebwe. Hapa mjini ni hospitali ya Bombo. Kumsaka nyoka ili mpeleke maiti yake kwa daktari ni kujitafutia mgonjwa wa pili.

Wanaolala chini wanastahili neno lao. Swila huingia ndani usiku, na mtu aliyelala kwenye mkeka akimgeukia usingizini anang'atwa. Kitanda, hata cha kamba, na chandarua kilichochomekwa chini ya godoro vinasaidia kuliko pipa zima la oili.

Ombi langu ni kwa wenye nyumba za kupanga, maana mpangaji hana ruhusa ya kupachika kizingiti wala kutoboa ukuta wa mtu. Mnapokusanya kodi ya miezi sita kwa mkupuo, toeni humo gharama ya kizingiti kimoja kwa kila mlango wa nje na wavu wa chuma juu ya madirisha. Ni kazi ya nusu siku kwa chumba na sebule. Na wenye viwanja vilivyogeuka pori katikati ya mitaa ya Kange na Pongwe, Halmashauri ya Jiji iwatafute wafyeke kabla ya mvua za Machi. Oili yenu chafu warudishieni wenye gereji, wapo wanaoinunua.

Wako,
Fundi wa kuezeka,
Makorora, Tanga