Mheshimiwa Waziri, mgonjwa wa tezi dume akishakatwa nani anamfuata?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Lamu

Assalaam alaykum.

Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Miaka minne iliyopita alitolewa tezi dume yenye saratani huko India, kwa roboti. Ukoo mzima ulichanga, na kiwanja cha Mokowe kikauzwa. Aliporudi tulimpokea jetini kama anayetoka hija. Barazani aliulizwa juu ya hiyo roboti mpaka akachoka: hapana, haikati yenyewe, daktari hukaa pembeni, macho kwenye kioo, vidole kwenye vishikio, na mikono ya chuma hupita kwenye matundu madogo ya tumbo. Damu hupotea kidogo na mgonjwa hutoka wodini mapema. Yote kweli.

Mheshimiwa, roboti haina kosa nami. Nakuandikia kuhusu hii miaka minne.

Mpira wa mkojo ulipotolewa, mkojo ulikataa kuzuilika. Akipiga chafya unatoka, akinyanyua ndoo unatoka. Ami alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini. Imamu alimfahamisha kwa upole kwamba mwenye udhuru kama wake hutawadha wakati wa swala ukishaingia, akaswali vivyo hivyo. Ami akamshukuru. Wiki ile akahamia safu ya nyuma, karibu na mlango. Mwezi uliofuata akawa anaswali nyumbani.

Safari ya kliniki Mombasa ndiyo mtihani. Tangu alasiri ya jana yake hanywi maji. Alfajiri tunavuka kwa boti hadi Mokowe, tunapanda basi, na ile njia ya Witu unaijua, gari halisimami ovyo. Huvaa pedi mbili na kikoi cheusi, mfuko wa nailoni magotini. Mtu aliyepita kusi na kaskazi baharini, sasa anaogopa kiti cha basi.

Na safari yenyewe ni ya damu tu, kipimo cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume. Tezi ikishatolewa, kiwango hicho hutakiwa kushuka mpaka kisionekane. Kikipanda tena hadi 0.2, na kipimo cha pili kikathibitisha, huenda saratani imerudi, na hurudi hata baada ya miaka mingi, mtu akiwa hana maumivu yoyote. Mara mbili kituo kimoja cha afya, ambacho sikitaji, kilimwambia dawa za kupimia zimeisha, arudi mwezi ujao. Mara ya pili hakurudi. Hakuna aliyepiga simu kumuuliza, kwa sababu hakuna daftari lenye jina lake.

Nilidhani labda ni bahati yake mbaya, nikaanza kusoma. Huko Brisbane, Australia, madaktari walifuatilia wanaume 308 waliogawanywa kwa kura, wengine wakapasuliwa kwa roboti na wengine kwa kisu cha kawaida. Baada ya miaka miwili, mambo ya mkojo na ya unyumba yalikuwa karibu sawa pande zote mbili. Kila upande ulikuwa na mpasuaji wake mmoja mzoefu, kwa hiyo mimi naona mkono wa daktari una uzito kuliko chuma anachokishika. Laiti tungelijua, nusu ya mchango wetu tungeliweka akiba ya miaka ya baadaye.

Uingereza walikwenda mbali zaidi. Wanaume 1,643 walioonekana na saratani ikiwa bado changa waligawanywa watatu: upasuaji, mionzi, au kuangaliwa kwa karibu bila kukatwa. Matokeo ya miaka 15 yalitoka 2023. Waliokufa kwa saratani hiyo hawakufika 3 kwa kila 100, na makundi yote yalikaribiana. Lakini ilipofika mwaka wa 12, katika kundi la upasuaji watu 24 kwa kila 100 walikuwa wanavaa pedi, kundi la kuangaliwa 11, la mionzi 8. Wengi wao walipasuliwa kwa njia ya zamani, si kwa roboti, na wetu huja hospitali wakiwa wamechelewa, kwa hiyo siwezi kuzihamisha hesabu hizo Lamu kama zilivyo. Ninachokionea wivu ni kwamba kuna mtu aliyeendelea kuuliza mpaka mwaka wa 12.

La chumbani sitaliandika la ami yangu, heshima hainiruhusu. Kwa jumla tu: mishipa ya fahamu inayohusika hupita ubavuni mwa tezi. Hata ikinusurika, nguvu zaweza kuchukua miaka miwili kurejea, na wengi hawarudi walivyokuwa. Wanandoa waambiwe kabla ya kisu, wote wawili. Siku hizi anayewaambia ni muuza dawa wa mtaani, naye ana yake ya kuuza.

Ninaloomba ni daftari, Mheshimiwa. Kila mwanamume wa kaunti hii aliyetibiwa saratani ya tezi dume, awe alitibiwa Mombasa, Nairobi au India, aandikwe. Apigiwe simu kila mwaka na kuulizwa: PSA ngapi, pedi ngapi kwa siku, nyumbani vipi. Damu itolewe hapa hapa kisiwani, isafiri sampuli badala ya mzee. Na awepo muuguzi mmoja, mwanamume ikiwezekana, wa kuwafundisha mazoezi ya kukaza misuli ya chini ya nyonga. Ami aliyasikia mazoezi hayo mwaka wa tatu, kwa abiria mwenzake ndani ya basi. Sasa pedi zimepungua hadi moja.

Nimemsomea barua hii kabla ya kuituma. Alinyamaza kidogo, akaniambia nifute neno moja, nikalifuta. Kisha akasema daftari likifunguliwa, jina lake liwe la kwanza.

Wako,
Mtoto wa ndugu yake, Langoni, Lamu